Askofu Aliyekwenda Kuuliza

Kufikia mwaka 1976 walikuwapo Wakristo wa Uganda waliomtazama Askofu Mkuu Janani Luwum kwa jicho la pembeni. Anahudhuria hafla za serikali, walinong'ona. Anaongea na Idi Amin, anapeana naye mikono, na mikono ile kila mtu alijua imelowa nini. Wasomi wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Nairobi, Dar es Salaam na London, na mtu mashuhuri aliyebaki Kampala akaonekana karibu na Amin alihesabiwa ama mwoga, ama mmoja wa walaji. Shutuma hizo zilimfikia mwenyewe. Alijibu kwamba dhamiri yake haimsuti, kwamba hajawahi kuwa upande wa serikali ile, kwamba ametishwa mara nyingi, na kwamba maadamu nafasi ingalipo ataendelea kuhubiri Injili kwa nguvu zake zote.

Miezi michache baadaye hakuna aliyemnong'ona tena.

Kifo chake cha Februari 16, 1977 kimesimuliwa mara nyingi mno, kwenye mimbari na kwenye vitabu, hata kimeyafunika maisha yenyewe. Inaeleweka. Ila anayeanzia mwisho huishia kumwona shujaa wa siku moja aliyesimama mbele ya dikteta. Anayeanzia mwanzo hukutana na mtu wa namna nyingine: mchungaji mwenye mazoea ya kufunga safari mpaka kwenye ofisi za wenye bunduki ili kuuliza fulani bin fulani yuko wapi. Mazoea hayo hayaletwi na siku moja.

Alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, karibu na mji wa Kitgum, katika nchi ya Waacholi kaskazini kabisa mwa Uganda. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa eneo lile. Mali haikuwapo. Mtoto Janani alichunga mbuzi wa nyumbani, na shule aliianza akiwa na umri wa kama miaka kumi. Alikazana. Alisoma Gulu, kisha akajifunza ualimu katika chuo cha Boroboro karibu na Lira, akaanza kufundisha shule ya msingi. Kijana wa Kiacholi mwenye mshahara wa mwalimu, katika miaka ile ya 1940, alikuwa mtu wa kuonewa wivu. Kijijini mwake angeweza kukaa hivyo hivyo mpaka kustaafu.

Kilichombadilishia njia ni Uamsho. Vuguvugu hilo lilianza kupamba moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, likavuka kwenda Uganda, Kenya na Tanganyika, likawa na watu wake waliojulikana kwa jina la walokole. Walitubu hadharani, wakirudisha vitu walivyoiba na kuwataja kwa majina watu waliowakosea. Makasisi wengi hawakuwapenda, kwa kuwa mlokole hakusita kumwambia hata kasisi wake kwamba naye hajaokoka. Januari 6, 1948 wahubiri wa Uamsho walifika nyumbani kwa akina Luwum, na mwalimu yule akaokoka. Tangu hapo hakukalika naye. Aliwaambia watu waziwazi mambo ambayo wenzake waliyasema chini chini, na wazee wa kanisa wakamwona msumbufu.

Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa yaliyofuata. Walokole walizoezana kusema ukweli mbele ya mtu mwenyewe, uso kwa uso, kisha wakabaki naye mezani. Ni nidhamu ngumu kuliko kumsema mtu akiwa mbali.

Januari 1949 alikwenda Buwalasi, chuo cha theolojia kilichoko upande wa Mbale, mashariki mwa nchi, akarudi kuwa katekista. Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1953, na kasisi mwaka uliofuata. Viongozi wake, ambao nusura wamchoke, walikuwa wamegundua kwamba msumbufu huyu anaweza kazi. Wakampeleka Canterbury, Uingereza, kwa masomo. Aliporudi wakampa mtaa wa Lira Palwo, ambako alikuwa na makanisa madogo 24 ya kuyatunza na baiskeli moja ya kuyafikia. Mwenye kuijua Acholi wakati wa mvua atajua maana ya baiskeli hiyo. Baadaye akawa mwalimu Buwalasi, akasoma tena London kati ya mwaka 1963 na 1965, akarudi kuwa mkuu wa chuo kile kile, na mwaka 1966 akaitwa Kampala kuwa katibu wa jimbo zima la Kanisa la Uganda.

Hapo alilikuta kanisa lina jeraha. Mwaka huo huo wa 1966 jimbo lilikuwa limempata askofu mkuu wake wa kwanza Mwafrika, Erica Sabiti, mtu wa Ankole. Watu wa Buganda, ambao Ukristo uliingia kwao kwanza na ambao kanisa kuu la Namirembe liko kwenye kilima chao, hawakumtaka. Dayosisi za Namirembe na Buganda Magharibi zilifikia kutishia kujitenga. Askofu mkuu alikuwa na cheo bila makao ya maana katika mji mkuu. Luwum, kama katibu, ndiye aliyebeba mafaili ya ugomvi huo kila siku, na ndiye aliyejifunza jinsi kabila linavyoweza kuvaa joho na kukaa madhabahuni.

Januari 25, 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini. Kanisa halikutosha, ibada ikafanyika kwenye uwanja wa michezo wa Pece mjini Gulu. Miongoni mwa wageni wa heshima walikuwa Rais Milton Obote na jenerali mmoja mrefu, mcheshi, mkuu wa jeshi, jina lake Idi Amin. Miaka miwili kamili baadaye, Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jenerali yule aliipindua serikali.

Kampala watu wengi walicheza barabarani. Kaskazini hali ilikuwa nyingine. Jeshi la Obote lilikuwa limejaa Waacholi na Walango, na Amin hakuwaamini. Ndani ya mwaka mmoja askari wa makabila hayo waliuawa kwa mamia katika kambi za Jinja, Mbarara na kwingineko, wengi wakiwa wameitwa wajipange bila kujua wanachopangiwa. Wajane wao walikuwa waumini wa Askofu Luwum. Kwa hiyo wakati mabalozi wa nchi za Magharibi bado wanamsifu mtawala mpya kwa bashasha zake, askofu wa Gulu alikuwa anazika watu, au, jambo lililo baya zaidi kwa Mwacholi, anaombea wafu ambao miili yao haikurudi nyumbani.

Ajabu ni kwamba Amin huyo huyo ndiye aliyewasukuma Waanglikana wapatane. Novemba 1971 aliwaita maaskofu na wajumbe wao Kampala akawataka wamalize ugomvi wao. Maaskofu wakaombana msamaha, ikaundwa dayosisi mpya ya Kampala kwa ajili ya askofu mkuu, na kanisa halikuvunjika. Wapo walioona aibu, kwamba wametakiwa na mwanajeshi Mwislamu wafanye lile ambalo Injili yao iliwaagiza tangu zamani. Amin alifurahia sana jambo lile, na kwa muda alijiona kama baba mlezi wa dini zote.

Ulezi haukudumu. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Septemba wafuasi wa Obote walivamia kutoka Tanzania wakashindwa, na visasi vikaanza. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mchana kweupe, hakuonekana tena. Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye akatoweka. Januari 1973 aliuawa padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Mwezi uliofuata watu walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa. Mjini Kabale, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma kwa miaka mingi, aliruhusiwa kuwafikia vijana watatu wa dayosisi yake dakika chache kabla ya kuuawa.

Katika mazingira hayo, mwaka 1974, Sabiti alistaafu na maaskofu wakamchagua Luwum. Alisimikwa Juni. Jimbo lake lilivuka mipaka: Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, ile misheni ya ukingo wa msitu wa Ituri aliyoianzisha Apolo Kivebulaya. Lilikuwa shamba kubwa kwa mtu yeyote. Lakini kazi iliyomla zaidi haikuwamo katika katiba ya kanisa. Kila asubuhi watu walikuja mlangoni kwake. Mume amechukuliwa jana na watu waliovaa miwani myeusi na mashati ya maua. Gari lilikuwa na namba za kutungwa. Tusaidie, Baba Askofu.

Waliochukua watu hao walitoka katika ofisi ya Nakasero iliyojiita ya utafiti wa taifa, jina ambalo mgeni angedhani ni la maktaba. Luwum alikwenda huko. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake kuwauliza maofisa habari za mtu mmoja mmoja, na mara nyingine alifanikiwa kumtoa aliyemfuata. Alimwendea pia Amin. Hiyo ndiyo sababu ya mikono ile kupeanwa. Kila mtu aliyerudi nyumbani akiwa hai alikuwa na gharama yake, na sehemu ya gharama ilikuwa jina la askofu mkuu kuchafuka mbele ya wale ambao ndugu zao hawakurudi.

Je, alikuwa anajidanganya? Swali hilo ni halali, na waliokuwa uhamishoni waliliuliza kwa ukali. Kuna ukweli kwamba dikteta hufaidika anapotembelewa na askofu. Picha gazetini humwosha. Kuna ukweli pia kwamba aliyeko Nairobi hawezi kubisha hodi Nakasero. Luwum alichagua hodi. Binafsi sioni kama alikuwa na matumaini makubwa kwa Amin. Naona alikuwa amefanya hesabu ya mchungaji, ambaye kondoo mmoja kwake ni idadi.

Mwaka 1976 mambo yalikaza. Julai makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe wakaokoa mateka, na Amin aliyefedheheka akatafuta wa kulipia. Agosti askari waliwapiga wanafunzi Makerere. Mwezi huo huo Luwum aliwaleta pamoja viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu kujadili usalama wa raia, wakaomba kuonana na rais. Viongozi wa dini tatu kukaa chumba kimoja bila yeye, tena wakikubaliana, lilikuwa jambo ambalo Amin hakulisamehe. Utawala wake ulisimama juu ya kuwafarakanisha.

Kisha ikaja Januari 1977. Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike kwa Kabaka Mutesa, Juni 1877. Jeshini kulikuwa na fununu za maasi, na silaha zilikuwa zimeanza kuingizwa nchini kwa siri. Njama za kumpindua Amin hazikuwa ndoto tupu. Walikuwapo Waacholi na Walango waliozisuka pamoja na wakimbizi. Kwamba askofu mkuu alikuwa mmoja wao hakuna ushahidi uliopata kuletwa ukasimama. Lakini alikuwa Mwacholi, alikuwa na sauti, na nyumba yake ilitembelewa na kila mtu.

Januari 30, huko Bushenyi, katika ibada ya kumweka wakfu askofu mpya wa Ankole Magharibi, Kivengere alihubiri mbele ya maelfu ya watu, maofisa wa serikali wakiwa viti vya mbele. Aliwauliza wanatumiaje mamlaka waliyopewa, na kama wanajua thamani ya uhai wa mtu mbele za Mungu. Baadhi ya maofisa waliondoka na nyuso zilizokunjana.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Februari 5, kiasi cha saa saba na nusu, mbwa walibweka kwa Luwum huko Namirembe. Nje ya mlango alisimama mtu aliyemfahamu, mfanyabiashara Ben Ongom, akimsihi amfungulie. Uso wake ulikuwa na majeraha. Askofu alifungua, akidhani ni mtu wa kusaidiwa kama wengine wote waliokuja mlangoni pake, na watu wenye bunduki wakaruka kutoka gizani. Mmoja alimsukumia mtutu tumboni. Silaha ziko wapi? Walipekua chumba kwa chumba, walipolala watoto, ghala la chakula, hata mahali pa kusalia. Hawakupata kitu. Usiku huo huo nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, huko Tororo, ilipekuliwa vivyo hivyo.

Mtu mwingine angelimshukuru Mungu akanyamaza. Luwum aliwaita maaskofu wake, wakakaa, wakaandika. Barua yao kwa Amin, ya Februari 10, ni mojawapo ya hati za kijasiri zilizopata kuandikwa na kanisa lolote la Afrika Mashariki, na ujasiri wake uko katika utulivu wake. Haina tusi hata moja. Wanamweleza rais kilichotokea, saa na mahali. Wanamwambia kwamba kama kiongozi wa kanisa anaweza kuwekewa bunduki tumboni nyumbani mwake usiku wa manane, raia wa kawaida wako katika hali gani? Wanasema bunduki ile imeelekezwa kwa kila Mkristo wa kanisa lao. Wanataja mauaji, na watu wasioonekana. Wanakumbusha kwamba wameomba kuonana naye na hawakukubaliwa. Nakala zilipelekwa kwa mawaziri. Waliotia saini walijua wanachokifanya.

Februari 14 Luwum na mkewe Mary waliitwa Ikulu ya Entebbe. Walikaribishwa chai. Kati ya kikombe na kikombe Amin alimtuhumu kwamba anashirikiana na Obote, askofu akakana. Wakapigwa picha.

Siku mbili baadaye, Jumatano, maaskofu wote waliitwa kwenye ukumbi wa mikutano karibu na hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Nje palikuwa na askari wengi wamekusanywa, na mbele yao zilipangwa bunduki na risasi zilizosemekana kuwa zimekamatwa. Ilisomwa hati ndefu iliyodaiwa kueleza mipango ya Obote, na jina la askofu mkuu lilitajwa humo. Luwum alitikisa kichwa. Askari waliulizwa wasaliti wafanywe nini, wakapiga kelele wauawe. Makamu wa rais, Mustafa Adrisi, ndiye aliyesimamia. Maaskofu walisimama juani kwa saa nyingi. Asubuhi ile, kwa ushuhuda wa Kivengere, Luwum alikuwa amewaambia wenzake kwamba anajua watamuua na kwamba haogopi.

Mchana maaskofu waliambiwa waende zao, isipokuwa yeye. Rais anataka kuonana naye. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walikataa kuondoka, wakasubiri, wakauliza, wakafukuzwa kwa bunduki. Gari la askofu mkuu lilibaki limeegeshwa.

Asubuhi iliyofuata Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Luwum, Waziri wa Ardhi Erinayo Oryema, na Waziri wa Mambo ya Ndani Charles Oboth Ofumbi wamekufa katika ajali ya gari, baada ya kujaribu kumshambulia dereva aliyekuwa akiwapeleka kuhojiwa. Waliosikia hawakuamini hata kidogo. Watu watatu waliokamatwa pamoja wafe pamoja, dereva apone? Baadaye mashahidi mbalimbali walisimulia habari za risasi, na wapo wanaosisitiza kwamba Amin mwenyewe alishiriki. Simulizi hizo hazilingani katika kila jambo. Katika lile moja la risasi zinalingana.

Serikali iliwanyima maaskofu mwili. Namirembe walikuwa wamechimba kaburi tayari, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeondoka Freretown, Mombasa, mwaka 1885 na kuuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga kabla hajaiona Buganda. Lori la jeshi lilibeba jeneza zaidi ya kilomita 400 hadi Mucwini. Askari walitaka maziko ya haraka, ila ardhi ya Februari kule kaskazini ni ngumu kama jiwe, na wachimbaji hawakuweza kumaliza siku ile. Jeneza likalala kanisani. Usiku wanakijiji walilifungua. Askofu wao alikuwa na joho lake la zambarau, limetapakaa damu, na mwilini mlikuwa na matundu ya risasi. Kesho yake walimzika kwenye uwanja wa kanisa, na habari ikaanza kutembea, nyumba hadi nyumba, kuelekea mpaka wa Kenya. Pengine Amin alidhani kijiji cha mbali ndicho mahali salama pa kuficha. Alisahau kwamba mji ulikuwa umejaa wapelelezi wake, kijiji hakikuwa nao.

Jumapili, Februari 20, ibada ya kumbukumbu ilikuwa imekatazwa. Maelfu walikwenda Namirembe hata hivyo, wakasema wanakuja kwenye ibada ya kawaida ya Jumapili. Walipotoka walilizunguka kaburi tupu na kuimba. Mzee Sabiti, aliyestaafu, alisimama akawakumbusha maneno ya malaika kwa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka. Nairobi nako, katika kanisa kuu la Watakatifu Wote, umati ulikuwa mkubwa.

Kivengere na mkewe walikuwa wamevuka milima usiku kwenda Rwanda, wakitangulia kidogo tu mbele ya waliotumwa kuwakamata. Okoth, Melchizedek Otim wa Lango na Benoni Ogwal wa Uganda Kaskazini nao walikimbia. Mary Luwum na watoto walipata hifadhi Kenya. Ben Ongom, yule aliyetumiwa kama chambo, alipigwa risasi hadharani Kampala Septemba ile pamoja na wenzake. Kivengere aliandika mwaka huo huo kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na wakimbizi wengi walikasirika. Kwa mlokole, hata hivyo, hilo halikuwa pambo la maneno. Usipomsamehe, angesema, amekuua na wewe.

Askofu mkuu mpya akawa Wani, mtu wa West Nile, wa kabila moja la Kakwa na Amin. Watu walidhani amewekwa ili kanisa linyamazishwe. Wani alikuwa mmoja wa wawili waliokataa kuondoka pale ukumbini, na chini yake sherehe za miaka 100 zilifanyika Juni kama zilivyopangwa. Jumuiya ya Madola ilikutana London mwezi huo bila Amin. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, nchini Tanzania, na Aprili 11, 1979 Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliofuatana nao. Amin alikufa Jeddah, Agosti 2003, bila kusimama mbele ya hakimu.

Heshima za ugenini hazikuchelewa. Mwaka 1998 Westminster Abbey, London, ilizindua juu ya mlango wake wa magharibi sanamu kumi za mashahidi wa imani wa karne ya 20, na Luwum yuko pale, pamoja na Martin Luther King na Oscar Romero. Nyumbani ilichukua muda zaidi. Ni mwaka 2015 tu ambapo serikali ya Uganda iliifanya Februari 16 kuwa sikukuu ya taifa, na siku hiyo barabara ya Kitgum hujaa mabasi ya mahujaji na misafara ya wakubwa.

Acholi yenyewe ilikuwa imemkumbuka kwa njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo iliteketea kwa vita vya Lord's Resistance Army la Joseph Kony. Mucwini haikusalimika, Julai 2002 waasi waliua humo watu 56, wengi kwa marungu na mashoka. Wakati karibu watu wote walikuwa wamesongamana kambini na watoto wao wametekwa, viongozi wa dini wa eneo lile waliungana: Waanglikana, Wakatoliki, Waislamu na Waorthodoksi. Askofu Macleord Baker Ochola wa Kitgum, ambaye mkewe aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, alikuwa mmojawapo. Askofu Mkuu Mkatoliki John Baptist Odama, mwingine. Waliingia porini kuzungumza na makamanda wa waasi. Wakarudi wakazungumza na makamanda wa jeshi. Serikali iliwashuku kuwa ni mawakala wa Kony, Kony akawashuku kuwa ni majasusi wa serikali, na wapo raia waliouliza viongozi wa dini wana shughuli gani na wauaji. Juni 2003 walilala nje mjini Gulu, usiku nne mfululizo, pamoja na watoto waliokuwa wakiingia mjini kila jioni kukwepa kutekwa. Sheria ya msamaha waliyoipigania ilikuwa imeanza kutumika mwaka 2000, na zaidi ya wapiganaji 20,000 wa vikundi mbalimbali waliitumia kuweka silaha chini.